Moshi wa Picha ya Uongo

Bwana Mwenyekiti, wageni waalikwa, maajenti wenzangu, na nyinyi vijana wa programu mliojibanza huko nyuma karibu na soketi: hamjambo. Itifaki ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana nikianza kuwataja wakubwa mmoja mmoja chai itapoa na mandazi yataisha.

Nimeitwa niseme juu ya kampuni yetu ya kutangaza nyumba mtandaoni: inatoa gesijoto kiasi gani, na ina mpango gani wa kuipunguza. Nilipomweleza dada yangu kwamba hiyo ndiyo mada ya leo, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nyinyi mna moshi gani?" akaniuliza. "Nyinyi ni tovuti. Moshi uko Athi River, kwenye viwanda vya simiti." Nusu ya kicheko chake ilikuwa ya haki. Nimekuja kuzungumzia ile nusu nyingine.

Kabla ya kupata meza ofisini nilikuwa ajenti wa kutembeza watu. Siku moja nilikuwa na mteja, mwalimu, mama wa makamo, aliyetafuta nyumba ya vyumba viwili vya kulala upande wa Ruaka. Nilikuwa nimemtumia picha kwa simu: sebule yenye mwanga, roshani inayotazama miti. Akaipenda. Tukakutana mjini, tukachukua teksi kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa ya saa tatu tu shuleni. Tulipofika, keateka akatufungulia mlango wa roshani. Miti haikuwepo. Palikuwa na ukuta wa ghorofa jipya, karibu kiasi kwamba ungeweza kumpitishia jirani chumvi bila kutoka nyumbani. Keateka akachungulia simu yangu. "Kijana, hii picha ni ya lini? Hii ni ya kabla hawajajenga hapo."

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Basi turudi." Tukarudi, na Barabara ya Limuru ikatushika. Saa nzima na ushei teksi inanguruma palepale, mama wa watu amekaa kiti cha nyuma anasahihisha madaftari mapajani. Ile aibu ndiyo iliyonileta kwenye kazi ninayoifanya sasa, ingawa siku hiyo sikujua kwamba aibu inaweza kupimwa kwa kilo.

Inapimika. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dayoksidi. Msishangae kwamba lita yenyewe haifikishi hata kilo moja kwenye mizani: kaboni ikiungua hushikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito ni ya hiyo oksijeni. Kutoka katikati ya jiji hadi Ruaka ni kilomita 15 hivi; kwenda na kurudi, 30. Gari dogo katika foleni zetu, tuseme linakwenda kilomita 10 kwa lita. Lita tatu. Karibu kilo saba za gesi, tumekwenda kuangalia ukuta.

Sasa chukua kompyuta ya ofisini. Tuseme inakula wati 50, saa nane kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni uniti tisa hivi za stima. Tukikadiria gramu 100 za gesi kwa kila uniti, haifiki kilo moja kwa mwezi. Basi picha yangu moja ya zamani ilichafua hewa sawa na kompyuta ya karani iliyofanya kazi miezi minane.

Mimi kwa hesabu hiyo niliacha kulala vizuri, kwa sababu wakati naipiga tulikuwa tayari tumeandika rasimu ya malengo yetu ya hali ya hewa, kurasa kumi na mbili zenye rangi ya kijani kibichi, na kati ya hizo tisa zilikuwa za stima ya ofisi.

Tulifikaje huko? Kwa kunakili. Ripoti za kampuni za ng'ambo zinazofanya biashara kama yetu huanza na umeme, na wana sababu: ukiwa mahali stima inatoka kwenye makaa ya mawe au gesi, taa na mashine za ofisi zina uzito wa kweli. Nairobi ni kwingine. Karibu asilimia 90 ya umeme wa nchi hii hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Maji ya mabwawa ya Tana. Upepo wa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Jua la Garissa. Na tangu mwishoni mwa 2022 tunanunua pia umeme wa maji kutoka Ethiopia. Meneja wa Nairobi anayebadilisha balbu kisha akaitisha waandishi wa habari kutangaza kwamba ameokoa dunia, ameokoa bili. Balbu badilisheni, mimi sipingi. Lakini zisijaze kurasa tisa.

Kuna mahali pawili tu ofisini ambapo nilikuta gesi ya kuongelea. Pa kwanza ni jenereta. Wengi wenu mnaikumbuka ile usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege. Tangu hapo kila jengo la biashara mjini linajisifu kwa jenereta yake. Lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Jengo likichoma lita mia kwa mwezi, hizo ni kilo 270, na uniti yake moja ni chafu mara nyingi kuliko ile ya Olkaria. Nilipouliza nani anaandika hesabu hiyo, nikaambiwa jenereta si yetu, ni ya landilodi. Sawa. Lakini stima yake inaingia kwenye kompyuta zetu, na gharama yake tunailipa kwenye ada ya huduma kila mwezi. Nikaomba risiti za dizeli. Ilinichukua wiki nne na simu nyingi za "bosi, naomba tu nakala". Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa hali ya hewa, kama kuna kijana humu anaitamani: kuomba nakala.

Pa pili ni mashine za kupoza hewa. Jamani, mji huu uko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Babu zetu waliishi hapa wakijifunika blanketi Julai. Kisha tukajenga majumba ya vioo Upper Hill na Westlands, jua la saa nane likageuza ofisi kuwa jiko, tukanunua mashine za kupoza joto tulilolileta wenyewe kwa kioo. Na gesi iliyo ndani ya mashine hizo, ile iitwayo R-410A kwa mfano, kilo moja ikivuja huongeza joto sawa na kilo 2,000 hivi za kaboni dayoksidi. Fundi anapokuja "kuongeza gesi" kila mwaka, jiulize ile ya mwaka jana ilikwenda wapi.

Halafu kuna seva. Nyinyi wa programu mnajua picha zetu zinalala wapi, sisi wengine tunadhani ziko "hewani". Kampuni nyingi za huku hukodi nafasi Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua vituo mwaka 2019 na Amazon mwaka 2020, au hukodi Ulaya. Umeme wa Afrika Kusini kwa sehemu kubwa ni wa makaa ya mawe. Kwa hiyo picha ya jiko la Kileleshwa, nyumba inayowashwa kwa mvuke wa Naivasha, inaweza kuwa inalala juu ya makaa. Wenye vituo watakwambia wamenunua mikataba ya nishati safi kufidia, na kanuni za hesabu zinatambua njia mbili, ya kuhesabu kwa gridi ya mahali umeme unapotumika na ya kuhesabu kwa mikataba. Mimi husema andika zote mbili, msomaji aone pengo. Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria kitakachotumia mvuke. Siku kikiwaka, picha zangu nitazihamisha mwenyewe kwa mkokoteni.

Nimekuwa nikitaja hesabu bila kusema kanuni ni ya nani. Inaitwa GHG Protocol, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2001, na hugawa gesi ya kampuni katika wigo tatu. Wa kwanza ni unachochoma mwenyewe. Wa pili ni stima unayonunua. Wa tatu ni vingine vyote, makundi 15, kuanzia karatasi na ndege hadi namna wafanyakazi wanavyofika kazini. Kwa kampuni kama yetu wigo wa kwanza na wa pili ni chumvi. Wa tatu ndio mboga. Na ndio kampuni nyingi hupenda kuuahirisha, kwa kuwa ni mgumu kupima na una watu wengi ndani yake.

Watu hao ni nyinyi, maajenti wenzangu. Sasa naomba mnivumilie.

Mteja wetu wa kawaida wa Nairobi haoni nyumba moja akapanga. Anazunguka. Jumamosi moja South B, Imara Daima na Syokimau; Jumamosi inayofuata Kasarani na Roysambu. Anapanda matatu, boda boda, teksi, na ajenti naye anakuja na gari lake kutoka upande mwingine wa mji. Kila safari isiyozaa nyumba ni moshi mtupu. Niliposema tupunguze safari hizi, nilidhani shida ni teknolojia: picha bora, video, ramani. Mhasibu wetu, dada mmoja asiye na maneno mengi, akaniuliza swali moja. "Ajenti analipwa wakati gani?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilishawahi kuwa ajenti. Wengi wetu hutoza ada ya kuonyesha nyumba. Mteja anatoa pesa kabla hajaona mlango, na harudishiwi. Sasa fikirini kibiashara, bila hasira. Mtu anayelipwa kwa kuonyesha anafaidika na nyumba isiyopangika. Picha ya zamani inamlipa. Roshani ya miti inamlipa mara kumi, maana wateja kumi watakwenda, wataona ukuta, watarudi, na ada imebaki. Mimi siku ile ya Ruaka nilikuwa nimetoza ada. Sikumrudishia mwalimu. Leo ningejua pa kumpata ningempelekea.

Naona minong'ono imeanza upande wa kushoto. Najua. Ada hiyo ndiyo nauli ya kijana ambaye hana mshahara, nimeila, imenilisha. Siombi afe njaa. Nasema tu kwamba tovuti inayoweka lengo la kupunguza gesi huku ikiruhusu ada ya kuonyesha kwa tangazo ambalo hakuna aliyelihakiki, inatoa maji kwa kata na kumimina kwa ndoo. Tunachojaribu sasa ni hiki: picha ipigwe na mtu wetu au na ajenti ikiwa na tarehe inayoonekana, roshani na dirisha vipigwe kutoka ndani kwenda nje, na mteja akikuta tofauti kubwa, ada inarudi kwake na ajenti anapata fungu nono zaidi pale nyumba inapopangwa. Wengine wametukimbia. Wengine wamebaki na wanasema sasa wanalala.

Kwa hiyo kipimo nilichokipigania kiingie kwenye malengo yetu hakimo kwenye kitabu chochote cha ng'ambo: safari kwa kila nyumba iliyopangwa. Tuseme mteja huona nyumba tisa kabla ya kulipa amana. Tukimfikisha nne, moshi wa kutafuta nyumba umepungua kwa zaidi ya nusu, na miguu yake inatushukuru.

Twende kwenye malengo yenyewe, maana hapa ndipo debe tupu huvuma.

Rasimu yetu ya kwanza ilisema tutafikia "sifuri", yaani hesabu ya gesi yetu isibaki na kitu, kwa kupanda miti. Sikatai miti. Serikali ina mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya kuipanda. Nilipanda yangu, miwili imeshika. Lakini mche hauifuti dizeli iliyoungua leo asubuhi. Mti unachukua miaka mingi kukusanya kaboni, na ukikatwa au ukikauka inarudi hewani. Mpango wa kimataifa unaokagua malengo ya kampuni, Science Based Targets, ulioanza 2015, hauhesabu miti ya kununua kama punguzo la kampuni. Anayetaka kwenda na kikomo cha joto la dunia kutopanda zaidi ya nyuzi 1.5 anatakiwa akate gesi ya wigo wa kwanza na wa pili kwa angalau asilimia 4.2 ya kiwango cha mwanzo, kila mwaka. Miaka kumi, 42. Na kulingana na kanuni waliyoitoa Oktoba 2021, neno "sifuri" linataka kwanza ukate karibu asilimia 90. Masalio ndiyo yanayoweza kufidiwa. Tuliposoma hayo, kurasa zetu za kijani tulizitumia upande wa nyuma kuandikia orodha ya dizeli.

Kisha likaja suala la mwaka wa kuanzia. Mtu alipendekeza 2020, kwa sababu ni namba ya mviringo. Mnakumbuka 2020? Kafyu ilianza Machi 27. Ofisi tupu, hakuna wa kuonyeshwa nyumba, barabara nyeupe. Ukianzia hapo, kila mwaka unaofuata utaonekana umeharibu. Mwingine naye akapendekeza mwaka ambao tulikuwa na jenereta mbovu inayokunywa kama ngamia, ili tukiibadilisha tu tuonekane mashujaa. Tulichagua mwaka wa kawaida, wa kuchosha, usio na sifa. Kampuni ikikutolea asilimia ya kupunguza, usishangilie kabla hujauliza: kutoka mwaka gani, na mwaka huo ulikuwaje?

Kuna mfano wa Marekani ambao huwa naufikiria. Zillow ya Seattle, tovuti kubwa ya nyumba, mwaka 2018 ilianza kununua nyumba yenyewe, kuzikarabati na kuziuza. Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Sasa waza: kampuni inayomiliki maelfu ya nyumba inabeba stima zake, mbao zake, rangi zake, magari ya mafundi. Ikiacha, mzigo wote huo unaondoka kwenye vitabu vyake. Sisemi wao walijisifu kwa hilo. Nasema mtu anayesoma mistari miwili ya grafu angeona gesi imeshuka, kumbe duka limefungwa, na nyumba zilezile ziko palepale na watu wengine. Sisi nasi tulikuwa na magari manne ya kupeleka wateja. Tuliyauza tukahamia teksi za kuitwa kwa simu. Wigo wetu wa kwanza ulianguka vizuri sana kwenye karatasi. Moshi ulihama tu kwenye safu, ukaingia wa tatu. Ndiyo maana nimekataa grafu ya wigo mmoja isimame peke yake kwenye ripoti.

Tunakua pia, na hilo ni tatizo la heshima. Kampuni ya Ulaya iliyokwisha kukomaa inaweza kuahidi kupunguza jumla ya gesi yake bila kutokwa jasho. Sisi tunafungua ofisi Nakuru na Kisumu. Vijana wa fedha wanataka lengo la kiwango tu, gesi kwa kila nyumba, ili jumla iruhusiwe kupanda. Tumekubaliana kuchapisha zote mbili, ya jumla na ya kiwango, kila mwaka, hata mwaka ambao ya jumla inatuaibisha. Benki zitakuja kuuliza tu: Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa hatari za hali ya hewa mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatoa uainishaji wa fedha za kijani, yaani orodha ya shughuli zinazostahili kuitwa za kijani. Soko la hisa nalo lilitoa mwongozo wake Novemba 2021. Afadhali waikute karatasi iko tayari.

Nimebakisha jambo ambalo dada yangu alilisema bila kujua. Simiti.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, majirani zetu wa Gigiri, kwa takwimu za 2021 walihesabu kwamba majengo na ujenzi vinachangia asilimia 37 hivi ya kaboni dayoksidi itokanayo na nishati na viwanda duniani. Simiti ina ukaidi wa pekee: hata tanuru likichomwa kwa nishati safi kabisa, mawe ya chokaa yenyewe yakipashwa joto yanaachia kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Zaidi ya nusu ya gesi ya simiti inatoka huko, kwenye jiwe. Kila banglo la Kilimani linalobomolewa kupisha ghorofa kumi na tano linazikwa na kaboni yake iliyokwisha kulipwa, na jingine linaanza kudaiwa upya. Mhasibu wangu ananiambia, kwa haki kabisa, kwamba nyumba zinazotangazwa kwetu si bidhaa yetu, kanuni hazitulazimishi kuzibeba. Sizibebi. Lakini ni sisi tunaoamua ipi inaonekana juu mteja akifungua ukurasa, na ipi inazama ukurasa wa tisa. Mwenye uwezo huo hawezi kujifanya kibao cha matangazo.

Kwa hiyo tumeongeza nafasi mpya kwenye fomu ya tangazo. Maji ya moto yanapashwa na nini? Kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 kutoka kwa jua, na ukipanda juu ya paa lolote la mji huu utaona matangi hayo. Mengine yamekufa, yamebaki ya kukalia kunguru. Tunauliza kama yanafanya kazi, kwa sababu mpangaji atalipa tofauti kwa tokeni kila wiki akitumia shawa ya umeme. Jenereta ni ya jengo zima au ya lifti na pampu tu? Steji ya matatu iko umbali gani kwa miguu, na je, kuna njia ya miguu au ni kuruka mitaro? Jengo lina cheti cha EDGE cha majengo ya kijani, kile kinachotaka akiba ya angalau asilimia 20 katika nishati, maji, na vifaa vya ujenzi? Wako waliofanya hivyo hapa hapa: hosteli za wanafunzi za Acorn zilijengwa kwa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 mwaka 2019, ambayo mwaka uliofuata iliorodheshwa Nairobi na London.

Na nafasi ya mwisho, ambayo imeniletea simu za matusi: je, maji ya mafuriko yalifika hapa 2024?

Mlikuwepo. Aprili na Mei mwaka ule Mathare ilibeba maiti, Kitengela watu walikaa juu ya mapaa, na baadaye walioishi kando ya mito wakaamriwa kuhama na nyumba zao zikabomolewa. Mpangaji aliyehamia mwezi Januari kwa kuona picha ya sakafu ya vigae hakuwa na njia ya kujua. Wenzetu wa Zillow walitangaza Septemba 2024 kwamba wataonyesha alama za hatari ya mafuriko, moto na joto kwenye matangazo ya nyumba za kuuzwa. Mwishoni mwa 2025 wakaziondoa alama hizo kwenye matangazo, baada ya mawakala kulalamika kwamba zinaharibu mauzo na kuhoji usahihi wake. Nawaelewa mawakala wale kuliko wanavyodhani. Landilodi mmoja wa huku alinipigia akaniambia, "Kijana, wewe unataka nyumba yangu ioze bila mtu?" Nikamwambia, mzee wangu, andika "ndiyo, maji yalifika, na hivi ndivyo nilivyorekebisha mfereji". Akakata simu. Baada ya wiki akatuma picha ya mfereji mpya, yenye tarehe. Nyumba zake tatu kati ya nne zina watu sasa.

Hatuna vipimo vya kisayansi vya kila uwanja wa Nairobi, na sitaki tuweke alama za rangi ambazo hatuwezi kuzitetea mbele ya hakimu. Tunauliza swali la wazi, tunamwandika aliyejibu, na jirani anaruhusiwa kupinga. Majirani wa mji huu, mnawajua, hawahitaji kusukumwa.

Ripoti yetu ya kwanza itatoka kabla ya Machi. Itakuwa na kurasa tano. Ukurasa mmoja ni wa stima, mmoja wa dizeli na mashine za kupoza, mmoja wa seva, na miwili ni ya safari zenu na zetu. Kama mtu wa kampuni shindani yuko humu, na nimeshawaona wawili, nitawapa jedwali la kupigia hesabu bure. Mkikuta kosa nipigieni kabla ya kuliandika mtandaoni.

Bwana Mwenyekiti, nimeishia hapo. Kuna mkono pale kushoto ambao umekuwa juu tangu niliposema ada irudishwe. Mpeni maikrofoni kwanza huyo.